Neno Alilolikataa Mama

Mwanza, 11 Februari 1974

Kwako Dada Domitila,

Natumaini barua hii itakukuta wewe na Shemeji Marcelo mkiwa wazima, na mvua imewakumbuka. Hapa Mwanza imenyesha kidogo ikakata. Mahindi ya vilimani yameanza kujikunja, na foleni ya unga inaanza kabla duka halijafunguliwa. Mimi sijambo. Kile kikohozi cha mwaka jana kimeniacha, na kazini nimepewa meza yangu mwenyewe karibu na dirisha.

Jambo lenyewe ni la furaha. Ofisi yetu ya tafsiri imemaliza Injili ya Marko kwa Kisukuma, pamoja na maneno ya ibada ya ubatizo. Kitabu bado. Tumetoa karatasi za stensili kwanza ili zisomwe vigangoni, tuone watu wanaelewaje. Nakutumia bunda moja kwa mkono wa Athumani, yule mwenye duka wa Somanda, ambaye yuko hapa ananunua bidhaa. Mwambie Shemeji, kwa kuwa ndiye katekista, azisome kwenye mafundisho.

Dada, mama atabatizwa Pasaka hii kwa lugha aliyotulea nayo. Miaka yote amekaa nyuma kanisani akisikiliza Kiswahili anachokielewa nusunusu. Nimefanya kazi hii nikimfikiria yeye, naomba uamini hivyo. Namtumia kanga nyeupe ya kuvaa siku hiyo.

Msomee, halafu uniandikie amesema nini. Usinifiche kitu.

Najua utacheka kwamba mtafsiri wa Kisukuma anakuandikia kwa Kiswahili. Lakini cha kwetu hatukufundishwa kukiandika, na wewe ukikiona kwenye karatasi unadhani mtu amekosea.

Mdogo wako,
Athanasi


Nkololo, 9 Machi 1974

Mdogo wangu Athanasi,

Mwadila. Sisi wazima, isipokuwa Marcelo amejikata mguu na jembe na anajidai hauumi. Mtoto anaota meno, hatulali. Ng'ombe mmoja mweusi wa mama amekufa, wengine wanasimama. Mama mwenyewe mzima. Anapalilia pamba tangu alfajiri na kunisema mimi mvivu.

Bunda lilifika likinuka mafuta ya taa, maana Athumani alilipakia pamoja na madebe. Marcelo ameanza kuwasomea akina mama kila Jumatano. Athanasi, nikwambie kweli, nilitaka ungekuwepo. Siku ya yule mgonjwa aliyeteremshwa kwa kutoboa paa, walibishana mpaka jua likashuka. Mama ndiye aliyeuliza lile paa alilitengeneza nani baadaye, na kama mwenye nyumba alipewa hata nyasi. Alirudi nyumbani akiirudia hadithi yote kwa jirani zake, na Yesu akiongea kama mtu wa hapa hapa.

Unakumbuka jinsi alivyoingia kanisani. Hakuja kwa ajili yetu. Marcelo alimwambia kwamba wafu watafufuka, naye akauliza, "Wote?" Marcelo akasema wote. Akauliza kama na Mahona mumewe yumo, na Malimi mtoto wake. Alipojibiwa kwamba hakuna aliyesahauliwa, ndipo akaanza kuja kwenye mafundisho.

Sasa nisikilize. Kwenye sura ya tano, pale pa yule mtu aliyekaa makaburini, ambaye pepo wake waliingia kwenye nguruwe, Kiswahili kinasema pepo wachafu. Ninyi mmeandika masamva. Marcelo alipofika hapo alikunja karatasi, akawaambia akina mama waende wakapike. Masamva si pepo, Athanasi. Masamva ni wazee wetu waliokufa. Wewe ulipokuwa mdogo ukashikwa na homa, mama alikwenda kwenye kile kijumba cha nyasi karibu na zizi, akamwita baba, akamwaga unga, akasema mtoto wako huyu anaungua. Kijumba kipo mpaka leo. Padre wa zamani alikuwa akikiona na hakusema kitu.

Na kwenye karatasi za ubatizo limo pia. Mtu anatakiwa kusema anamkataa Shetani, halafu aseme anawakataa masamva.

Mpiga chapa amekosea? Tujibu kabla ya Pasaka.

Dada yako,
Domitila


Mwanza, 28 Machi 1974

Dada Domitila,

Pole kwa mguu wa Shemeji na kwa ng'ombe wa mama. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi.

Mpiga chapa hakukosea. Neno hilo lilijadiliwa kwa siku kadhaa. Lilipendekezwa neno majini, Padre anayetuongoza akalikataa kwa kuwa ni neno la madukani na wazee wa vijijini hawalitumii. Mwalimu Kwandu wa Maswa alitaka tuseme "roho zisizo na kwao", ikaonekana ni maneno mengi. Kisha Padre akataka kujua watu wetu wanaogopa nini na wanamtolea nani sadaka. Jibu likapatikana, na kamati ikapitisha. Si jambo ambalo mtu mmoja anaweza kulibadilisha kwa barua.

Shemeji asome kama lilivyoandikwa. Mama ni mwelewa. Mwambie ni neno tu.

Athanasi


Nkololo, 6 Mei 1974

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mguu wa Marcelo umepona. Mvua za mwisho hazikuja, pamba imefungua mapema na ni fupi, tutavuna tukiwa tumeinama. Mtoto ameota meno mawili ya juu.

Pasaka ilipita. Padre alikuja na watu walibatizwa, kanisa lilijaa. Mama bado.

Kanga nyeupe ipo. Nimeiweka kwenye sanduku langu.

Mwalimu wa shule anasema mwaka huu tutahamishiwa kijiji cha ujamaa, kule karibu na barabara. Wengine wanasema ni maneno tu. Tutaona.

Domitila


Mwanza, 2 Juni 1974

Dada,

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta sentensi iliyokosekana. Mama bado nini? Aliugua? Padre hakumruhusu? Kanga yake inafanya nini kwenye sanduku lako?

Niandikie kama ilivyokuwa.

Athanasi


Nkololo, 14 Julai 1974

Athanasi,

Barua yako ilikaa dukani kwa Athumani mpaka alipopata mtu wa kuja huku. Sisi wazima. Tunakula unga wa njano, una harufu ya gunia lakini unashibisha.

Umeniuliza. Nimekaa na swali lako shambani nikitafuta namna ya kulijibu bila kujitaja mwenyewe, sikuiona.

Ilikuwa Jumapili ya Pasaka asubuhi. Watu walijaa mpaka nje. Mama alikuwa wa pili kwenye mstari, amejitanda ile kanga yako, na mimi msimamizi wake nimesimama nyuma, mkono wangu begani pake. Padre akafungua karatasi zenu. Akamwuliza kama anamkataa Shetani. Mama akasema namkataa, kwa sauti ile yake ya kuita ng'ombe, watu wakacheka kidogo. Padre akamwuliza kama anawakataa masamva.

Mama aliinua kichwa akamtazama.

Padre alidhani hakusikia, akarudia. Mama akamwuliza kwa upole, "Wote?" Padre akamtazama Marcelo, naye Marcelo akasema, "Wote, mayu." Mama akauliza, "Mahona yumo? Na Malimi?"

Wewe Malimi hukumjua. Alikufa kwa surua kabla hujazaliwa, nami nilikuwa nimembeba mgongoni siku alipoanza kuwashwa. Kila mavuno mama anamtajia jina lake pale kijumbani ili asijione peke yake. Na siku hiyo anaulizwa mbele ya kanisa kama anamkataa.

Marcelo akamgeukia Padre. Nikaona watu wote wanatutazama, mke wa katekista na mama yake, uso ukaniwaka. Nikainama sikioni pake nikamwambia, "Mayu, sema tu. Ni neno tu."

Hayo ni maneno yako ya barua ile, nilikuwa nayo kichwani.

Akageuka akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mtoto huyu ni wa nani. Akaitoa kanga, akaikunja vizuri, akanipa mkononi, akatoka kwa mlango mkubwa huku watu wakimpisha. Padre akamwita aliyefuata.

Sikumfuata. Nilibaki mpaka mwisho na nikaimba pamoja na wengine.

Toka siku hiyo haji kanisani. Ananisalimia, anambeba mtoto, anakula kwangu nikimpelekea chakula. Habari ya Pasaka hataji hata mara moja, nami sijaweza kuianza.

Domitila


Kijiji kipya, Nkololo, 20 Oktoba 1974

Athanasi,

Hukujibu. Nilidhani barua imepotea, lakini Athumani anasema aliipeleka posta ya Bariadi mwenyewe.

Tumehama. Malori yalikuja Agosti. Tulipewa muda wa kung'oa milango na kushusha nafaka, kisha kila kaya ikapakia. Sasa tumepangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba ya jirani iko karibu mpaka nasikia akikohoa. Shule iko karibu, zahanati wanasema itakuja. Sitaki kulalamika. Lakini makaburi yamebaki kule, na kijumba cha mama kimebaki kule na mazizi matupu.

Siku ya kuhama mama alimwomba Marcelo amsaidie kuchota udongo wa kaburi la baba na la Malimi, auhamishe. Marcelo akasema yeye ni katekista, na kwamba neno limekwisha kusomwa kanisani, watu wote wamelisikia. Akionekana anabeba masamva atawafundishaje watu tena? Mama akaniomba mimi kwa macho. Nikaenda kufunga kuku.

Akachota mwenyewe. Akautia kwenye beseni, akaufunika kwa kitambaa, akapanda nao kwenye lori akiwa ameupakata. Humo mlikuwa na vijana wa kwaya. Mmoja akauliza bibi amebeba nini, mwingine akasema amebeba masamva, na kwamba tukipita penye nguruwe yatarukia humo. Lori zima likacheka. Waliocheka ni watoto ambao mama aliwapokea walipozaliwa. Na neno hilo hawakulitoa kwenye hewa, walilisikia likisomwa na Marcelo kutoka kwenye karatasi yako.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele, nimemshika mtoto. Niliwasikia. Sikugeuka.

Mwezi uliopita Mwalimu Kwandu alipita hapa akienda Lamadi kwa dada yake, akalala kwetu. Alitaka kujua karatasi zinasomekaje. Marcelo akamweleza yaliyotokea. Mzee wa watu akashika kichwa. Akasema siku ile mezani Padre wenu wa ofisi aliuliza nani ametoka kwenye nyumba ambayo bado inatambika, ili amweleze masamva ni nini hasa. Wote wakainamia karatasi zao, maana kila mmoja aliona haya mbele ya wenzake. Kisha Padre akakugeukia wewe, kwa kuwa ndiwe kijana uliyetoka seminari, akakuuliza kwenu ikoje. Nawe ukasema, "Kwetu hayapo, Padre. Na hayo ni pepo tu, kila mwenye akili kijijini anajua." Kwandu anasema baada ya hapo hakuna aliyekuwa na la kubisha.

Mama alikuwa jikoni akisonga ugali. Nilidhani hasikii. Alisema tu, "Athanasi alisema kwetu hayapo?" Akaendelea kusonga.

Basi. Ukitaka kuandika, andika.

Domitila


Mwanza, 15 Desemba 1974

Dada yangu Domitila,

Nawasalimu wote, kila mmoja kwa jina lake. Natumaini nyumba mpya imepata paa kabla ya mvua. Barua yako ya Julai ilifika. Na ya Oktoba ilifika. Nilianza majibu mara kadhaa nikayachana, kwa sababu kila jibu lilikuwa linanitetea.

Mwalimu Kwandu hakusema uongo.

Ulinituhumu kwa neno moja tu, na mimi nakuongezea kidogo ili usidhani nilipitiwa. Nilipokuwa nasema yale, nilikuwa nakiona kijumba machoni. Niliuona hata unga. Nilijua mama amekwenda pale kwa ajili ya homa yangu. Lakini meza ilikuwa na watu waliosoma, wakinitazama, na nilitaka kuonekana nimetoka nyumba safi. Sikufikiria neno hilo litamfikia nani. Ukweli ni kwamba nilifikiria, kisha nikasema.

Kamati ilikutana tena mwezi uliopita kusoma majibu ya vigango. Maeneo mengine yalikuwa yameandika kama ulivyoandika wewe: wazee wametoka kanisani, na waliobaki wanawatukana wazee. Sehemu moja watu walielewa kwamba Yesu alikuja kuwafukuza babu zao, wakauliza kwa nini basi wamfuate. Padre alikuwa anasoma barua hizo kwa sauti, na kila moja ilinigonga. Nikasimama. Nikasema, "Mama yangu ana kijumba cha masamva. Baba yangu anatajwa pale. Nilisema hakuna, nilidanganya."

Hakuna aliyeinua macho. Padre aliuliza kwa nini, nikaketi. Akaniambia bila hasira, "Nilikuuliza kwa sababu mimi sikujua. Wewe ulijua." Afadhali angenifukuza.

Mwalimu Kwandu akasoma tena pendekezo lake, roho zisizo na kwao, zile zinazotangatanga na hazina nyumba wala mtu wa kuzitaja. Safari hii hakuna aliyesema ni maneno mengi. Limepitishwa kwa Injili na kwa ubatizo. Karatasi za zamani zinakusanywa, mpya zitaletwa parokiani kwenu kabla ya Kwaresima.

Sitakuja Krismasi. Nitakuambia ni kazi, na kweli kazi ipo, lakini sababu si hiyo.

Usimpe mama salamu zangu kama unaona hazifai.

Athanasi


Nkololo, 8 Aprili 1975

Mdogo wangu Athanasi,

Mwadila. Tumepata mvua. Nyumba ina paa. Mtoto anatembea, anaangusha kila kitu, na Marcelo amechaguliwa kamati ya kijiji, kwa hiyo sasa anachelewa kurudi kwa sababu mbili.

Karatasi mpya zilifika. Marcelo hakusubiri Jumatano. Alichukua ya ubatizo akaenda nyumbani kwa mama, akaketi chini kwenye ngozi, akamsomea. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango. Mama alisikiliza, akauliza, "Na wale wa karatasi ya kwanza, nani alisema ndio hawa?" Marcelo angeweza kusema ni ofisi, au Padre. Alisema, "Ni sisi, mayu. Na mimi niliwasomea watu. Nisamehe." Mama alimwambia arudie tena mstari ule, asikie vizuri.

Mimi nilikuwa nimemwendea kabla, mwezi wa pili, tukiwa tunapanda. Nilimwambia nilichofanya kanisani na nilichofanya kwenye lori. Aliniacha nimalize. Akasema alikuwa anajua kwamba nilisikia wale vijana, maana aliona shingo yangu. Kisha akaniambia nishike mstari wangu, napanda upogoupogo.

Pasaka alikuja. Nilimpelekea kanga asubuhi, akaivaa. Nilimwuliza kama anataka msimamizi mwingine, akaniuliza mwingine ni nani. Kwa hiyo nilisimama pale pale. Padre akamwuliza juu ya Shetani, akamkataa. Akamwuliza kama anazikataa roho zisizo na kwao. Mama akasema kwa sauti, kanisa zima likasikia, "Hizo nazikataa. Sijawahi kuzipikia."

Padre mwenyewe alicheka. Mimi nililia hadi maji yakamwagwa sikuona. Anaitwa Ana sasa, lakini anaitika Nyanjige, jina lake la siku zote.

Ule udongo ameuzika nyuma ya nyumba yake, kwenye kona, na amepanda kitu juu yake. Marcelo anapita pale kila siku na hasemi kitu. Sijui kitabu chenu kinasemaje juu ya hilo, na sitauliza.

Lakini usidhani yamekwisha. Karatasi mmebadilisha, midomo bado. Juzi nimemsikia mtoto wa jirani akigombana na mwenzake, akamwita isamva, kama tusi. Miaka miwili iliyopita hakuna mtoto wa Nkololo ambaye angetukana hivyo. Nilimwita nikamweleza isamva ni nani. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia kwamba kanisani walifundishwa vingine. Wapo wengi kama yeye, na wazee wawili waliotoka kanisani mwaka jana hawajarudi. Mmoja amekwisha kufa.

Mama ameniambia nikuandikie hivi, kama alivyosema: "Neno lake limefika. Yeye mbona hafiki?"

Dada yako,
Domitila


Somanda, 17 Mei 1975

Dada Domitila,

Barua hii inaletwa na gari la Athumani linalopeleka chumvi na sabuni huko asubuhi hii. Mimi niko hapa dukani kwake tangu jana. Gari lilikuwa na nafasi na aliniambia nipande. Nilipandisha mguu, nikaushusha. Nikamwambia atangulie na barua.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani kote, ya kumwambia mama. Yalikuwa mazuri mno, nikayaogopa. Nimezoea kupanga maneno, Dada, na unajua yalikonifikisha.

Jana jioni nilikuwa nimekaa barazani hapa. Akapita mzee mmoja anaswaga ng'ombe wawili, akaniamkia, nikaitika. Akaniuliza, kama wazee wa kwetu wanavyouliza, "Ng'wa nani?" Mwana wa nani. Mwanza watu huwa hawaniulizi hivyo. Wakiniuliza nasema mimi ni Athanasi, natoka ofisi ya tafsiri, na inatosha. Nilikawia hadi mzee akadhani sijui Kisukuma, akataka kurudia kwa Kiswahili.

Nikamwambia, "Ng'wa Mahona. Wa Nkololo."

Akasema Mahona yule wa ng'ombe weupe? Nikasema ndiye. Akasema alimfahamu, alikuwa mtu mpole na mkaidi, na kwamba sauti yangu inafanana naye. Kisha akaniuliza mama yangu hajambo. Nikasema sijui, ndiyo kwanza nakwenda kumwona. Akanitazama, akawaswaga ng'ombe wake.

Nakuja kwa miguu. Naondoka sasa hivi, gari likiondoka. Mwambie mama asipike chochote na asiwaite watu. Nikifika sitaingia ndani kwanza. Naomba anipeleke nyuma ya nyumba, kwenye ile kona, na kama atakubali, anitaje kwa baba na kwa Malimi.

Mdogo wako,
Athanasi wa Mahona